Pesa za umma kwa ajili ya sataranji: mwongozo kamili kwa klabu za kaunti nchini Kenya

Barua nyingi za klabu za sataranji hufika ofisi ya michezo ya kaunti zikiwa zimechelewa. Mwaliko wa mashindano umekuja, watoto wamejinoa, mwenyekiti anaandika kuomba nauli na vifaa, na baada ya wiki moja anaambiwa kwa upole kwamba hakuna kifungu. Anaondoka akiamini kuwa kaunti haijali mchezo huu. Lakini afisa aliyemjibu haruhusiwi kutoa hata shilingi moja ambayo haikuandikwa kwenye bajeti iliyopitishwa, na maandalizi ya bajeti hiyo yalianza mwaka mzima au zaidi kabla ya barua kuandikwa.

Hili ndilo ningependa kila kiongozi wa klabu alielewe kabla ya jambo lingine lolote: pesa za serikali hufuata maandishi. Soka na riadha zimo ndani ya karatasi hizo tangu zamani, kwa hiyo kila mwaka zinapata chochote. Sataranji katika kaunti nyingi haimo, na haitaingia mpaka mtu aiandike. Kazi ya kuiandika ni ndefu na haina shangwe, ila inawezekana, na Katiba inamruhusu mwananchi wa kawaida kuifanya.

Nimeandika kwa ajili ya klabu, shule na vyama vya kaunti nchini Kenya. Karibu na mwisho nimegusia Tanzania na Uganda, maana mchezo ni mmoja na shida zinafanana.

Jua kwanza mfuko uko kwa nani

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi ya michezo mara mbili. Serikali ya kitaifa imepewa ukuzaji wa michezo na elimu ya michezo. Kaunti zimepewa shughuli za michezo na utamaduni pamoja na majengo na viwanja vyake. Kwa hiyo timu ya taifa inaposafiri, mlango wa kubisha uko Nairobi. Klabu ya Malindi, Kakamega au Garissa inapotaka mbao, saa na ukumbi, mlango ni wa kaunti. Kuna viongozi wanaopoteza miezi wakiiandikia wizara barua ambazo zilipaswa kwenda umbali wa kilomita mbili tu kutoka nyumbani kwao.

Upande wa kitaifa kuna Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2018 na unaolishwa na kodi za kamari na bahati nasibu. Kwa sataranji, njia ya kuufikia ni kupitia Chess Kenya, shirikisho la kitaifa ambalo ni mwanachama wa FIDE, shirikisho la dunia.

Halafu kuna mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF. Sheria yake ya 2015 inaruhusu kiasi kisichozidi asilimia 2 ya mgao wa eneo bunge kitumike kwa michezo, bila kugawa zawadi za pesa taslimu. Ndiyo sababu ya zile jezi na mipira zenye nembo ya mfuko kila kijiji. Hakuna kinachozuia asilimia hizo mbili kununua mbao za sataranji. Hata hivyo, Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sheria hiyo inakiuka Katiba na ikaupa mfuko hadi 30 Juni 2026 kufunga shughuli zake, kwa hiyo kabla hujaujengea matumaini pita ofisi ya eneo bunge uulize hali ikoje sasa.

Mwongozo huu utakaa zaidi kwenye kaunti, kwa sababu huko ndiko klabu ndogo inaweza kusikika.

Hatua ya kwanza: sajili klabu ipasavyo

Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo na inataka kila shirika la michezo lisajiliwe, liwe klabu, chama cha kaunti au shirikisho la kitaifa. Bila cheti hicho, hata afisa anayekupenda hawezi kukuandikia chochote, kwa sababu mkaguzi wa hesabu atamuuliza alimpa nani.

Utahitaji katiba ya klabu, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, orodha ya wanachama, nakala za vitambulisho vya viongozi, na ada. Sheria yenyewe ina jedwali linalotaja mambo ambayo katiba ya shirika la michezo lazima iwe nayo: uchaguzi, usimamizi wa fedha, utatuzi wa migogoro na mengineyo. Lisome kabla hujaandika neno. Kuiga katiba ya chama cha mazishi au cha merry-go-round ukabadilisha jina tu ni kujitafutia kurudishwa dirishani.

Fungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili kati yao wakihitajika kutoa pesa. Chukua PIN ya KRA ya klabu yenyewe. Jiunge rasmi na Chess Kenya, na ombi lako litakuwa na uzito wa shirikisho nyuma yake.

Kuna jambo la kibinadamu pia. Klabu yenye watu wawili wanaodai kiti kimoja haipewi pesa na mtu yeyote. Fanyeni uchaguzi kwa wakati, andikeni kumbukumbu, na mkigombana pelekeni ugomvi kwenye Baraza la Kutatua Migogoro ya Michezo (Sports Disputes Tribunal) lililoundwa na sheria hiyo hiyo, msiupeleke kwenye kikundi cha WhatsApp ambako afisa wa michezo naye yumo.

Ikiwa hii yote ni nzito kwenu kwa sasa, anzeni ndani ya shule. Shule tayari ni taasisi ya umma yenye akaunti na mkuu anayeweza kutia saini. Mwalimu mlezi akiandika kwa jina la shule, hatua hii yote mmeiruka.

Hatua ya pili: weka daftari

Nunua daftari gumu la kurasa nyingi na kila siku ya mazoezi andika jina la mtoto, umri, jinsia, shule na wadi anayotoka.

Safu ya wadi usiiache wazi hata siku moja. Bajeti ya kaunti hupitishwa na wawakilishi wadi, na kila mmoja wao anasoma karatasi akitafuta jina la wadi yake. Ukimwambia mwakilishi kwamba klabu ina watoto wengi, atakupongeza. Ukimwonyesha majina ya watoto kumi na wanne wa wadi yake, atakuuliza mnahitaji nini.

Weka pia matokeo ya kila shindano, hata la ndani ya klabu: idadi ya raundi, majina, pointi. Wachezaji wenye alama za FIDE, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, wachapishie ukurasa wao kutoka tovuti ya shirikisho hilo, ambako orodha mpya hutoka tarehe mosi ya kila mwezi na kuisoma ni bure. Tangu Machi 2024 alama za chini kabisa kwenye orodha hiyo ni 1400, kwa hiyo mtoto asiye na alama si lazima awe dhaifu. Huenda hajapata tu mashindano ya kutosha yanayohesabiwa. Mweleze afisa jambo hilo, kwa sababu linaonyesha hasa pesa zinakohitajika: mashindano yanayotambuliwa, karibu na nyumbani.

Picha za watoto zipigwe kwa ruhusa ya wazazi iliyoandikwa. Weka fomu hizo kwenye faili.

Hatua ya tatu: omba kitu ambacho serikali inaweza kununua

Hapa ndipo maombi mengi huvunjika. Kaunti si mfadhili wa harambee. Ni nadra sana kumkabidhi mtu pesa mkononi. Hutumia njia ya ununuzi, na mfanyabiashara hupewa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, analeta mzigo, ndipo analipwa. Kwa hiyo usiombe "msaada wa kifedha". Omba vitu na huduma zinazoweza kuandikwa kwenye LPO: vifaa, usafiri, ukodishaji wa ukumbi, chakula cha washiriki, mafunzo ya walimu na waamuzi.

Na vitaje kwa vipimo. Ukiandika "seti za sataranji" bila maelezo zaidi, mzabuni atanunua cha bei ya chini kabisa, na mtaletewa vile viseti vya sumaku vya kuchezea ndani ya basi, ambavyo mfalme wake ni mdogo kuliko kidole gumba. Kwa mashindano FIDE inapendekeza mfalme wa urefu wa takriban sentimita 9.5 na mraba wa ubao wenye upande wa sentimita 5 hadi 6. Andika hivyo hivyo. Andika kete ziwe za plastiki ngumu zenye uzito chini, rangi nyeusi na krimu. Ubao uwe wa vinili unaokunjika kama mkeka, kwa maana wa mbao hupinda kwa unyevu wa pwani na wa karatasi ngumu huchanika kwenye mkunjo muhula wa kwanza tu. Saa ziwe za kidijitali zinazoweza kuongeza sekunde kwa kila hatua ya mchezaji, kwani mashindano mengi ya siku hizi huchezwa kwa mtindo huo.

Kwa watoto arobaini unahitaji mbao ishirini, seti ishirini na mbili, kwa sababu kete hupotea, hasa malkia na askari, na saa kumi za kuanzia. Ongeza ubao mmoja mkubwa wa kutundika ukutani wa kufundishia. Huo ndio mzigo wote wa klabu moja, na unaingia kwenye buti la probox.

Chukua kotesheni tatu kutoka maduka matatu tofauti, zenye tarehe na muhuri, uziambatanishe. Afisa wa ununuzi atafanya utafutaji wake mwenyewe, lakini kotesheni zako zitamwonyesha bei ya soko na kumzuia mtu kupandisha.

Urahisi wa sataranji una mtego wake. Uwanja wa mpira unaombewa mamilioni, kwa hiyo unapata mstari wake kwenye bajeti. Ombi la klabu moja ya sataranji ni dogo mno kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuliandika. Linawekwa kwenye "mengineyo" na kusahauliwa. Dawa yake ni kuungana. Klabu na shule za kaunti nzima ziandike ombi moja, lenye jina moja, kwa mfano "Programu ya sataranji katika shule za msingi na maktaba", lenye wadi zilizotajwa, idadi ya shule kwa kila mwaka, na gharama ya miaka mitatu. Programu ya namna hiyo ina ukubwa wa kustahili kifungu chake. Maktaba nazo zimo katika kazi za kaunti kwenye Jedwali hilo hilo la Nne, tena zina meza, viti na paa, kwa hiyo usiombe kujengewa ukumbi wakati maktaba ipo.

Tenganisha pia maombi ya aina mbili. Mafunzo na mashindano ni matumizi ya kawaida. Ukarabati wa chumba au meza za zege za sataranji kwenye bustani ya umma zinaweza kuingia kwenye matumizi ya maendeleo, ambayo kisheria yanapaswa kuwa angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti. Ombi lililoandikwa upande usio wake hukwama hata kama kila mtu analiunga mkono.

Hatua ya nne: fuata kalenda

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini ukisubiri Julai umechelewa sana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na kila tarehe ni mlango unaofungwa.

Mzizi wa yote ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, ambao ofisini kila mtu anauita CIDP. Ni wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Pakua wa kaunti yako, ufungue sura ya michezo na vijana, utafute neno "sataranji" au "chess". Usipolikuta, tafuta maneno mapana kama "ukuzaji wa vipaji" au "michezo ya ndani", na ombi lako ulining'inize hapo kwa kunukuu ukurasa na jina la programu kama lilivyoandikwa. Mpango unaofuata utaandaliwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027. Hiyo ndiyo nafasi kubwa ambayo klabu zote zinapaswa kuanza kujipanga kwa ajili yake sasa: sentensi moja ndani ya CIDP inafungua mlango kwa miaka mitano.

Kila mwaka unakuja Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ADP, ambao lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mpango wa Septemba 2026, kwa mfano, ni wa pesa zitakazotumika kuanzia Julai 2027. Maoni yako yafike idara ya michezo mwezi Juni au Julai, wakati rasimu bado ni laini. Hii ndiyo tarehe ambayo karibu kila klabu huikosa, na kuikosa ndiko kunakozaa lile jibu la "hakuna kifungu".

Kufikia 28 Februari hazina ya kaunti hupeleka bungeni waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara. Hapa hupiganii mbao zako, unapigania idara ya michezo isipunguzwe. Ungana na watu wa voliboli na riadha. Kwa mwezi huo mmoja ninyi ni timu moja. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia 30 Aprili, na Mei kamati ya bajeti huzunguka kuchukua maoni. Bajeti inapaswa kuwa imepita ifikapo 30 Juni.

Hatua ya tano: andika pendekezo, na usidanganye

Kurasa nne zinatosha. Ninyi ni nani na cheti chenu namba ngapi, watoto wangapi na wa wadi zipi, mnaomba nini kwa vipimo, kitagharimu kiasi gani, nani atakitunza, na mtaripoti lini. Tia jina la programu ya CIDP mnayoingia chini yake ndani ya aya ya kwanza.

Sehemu ya hoja ndiyo ninayotaka uandike kwa uangalifu. Kuna mazoea ya kuandika kwamba sataranji huinua alama za hisabati. Usiandike. Uingereza walifanya jaribio kubwa kwenye shule 100, lenye wanafunzi zaidi ya 4,000, ambapo watoto wa miaka tisa na kumi walifundishwa sataranji kwa saa 30. Matokeo yalichapishwa 2016 na Education Endowment Foundation: mwaka mmoja baada ya masomo, hakukuonekana tofauti yoyote kwenye hisabati. Afisa wa elimu anayesoma anaweza kuwa anayajua hayo, na ahadi moja ya uongo inachafua ukurasa mzima. Isitoshe, mwaka wa pili mtaulizwa alama ziko wapi.

Sema yale unayoweza kuyaonyesha. Msichana na mvulana hukaa meza moja, hawahitaji ligi mbili. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu anacheza na wenzake kwa sheria zile zile, na asiyeona hutumia ubao wenye matundu na kete za kupapasa. Mchezo hauahirishwi na mvua. Gharama kwa kila mtoto ni ndogo, na vifaa vikitunzwa vinadumu miaka. Watoto wanakuwa mahali salama pamoja na mtu mzima kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa mzazi anayefanya kazi, saa hizo tatu zina thamani kuliko alama yoyote ya hisabati.

Mifano ya nje itumie kwa kipimo, ukichagua inayofanana na unachoomba. Armenia, nchi ya watu wapatao milioni tatu, iliingiza sataranji kuwa somo la lazima kwa madarasa ya pili hadi ya nne mwaka 2011. Ilikuwa tayari imetwaa Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, ya 2006 na ya 2008, na ikaongeza ya 2012, na rais wa nchi wakati huo, Serzh Sargsyan, ndiye pia aliyekuwa mkuu wa shirikisho la sataranji. La kujifunza kwao ni kwamba pesa zilielekezwa kwenye vitabu na kuwafunza walimu. Uingereza, ambako sataranji haitambuliwi rasmi kuwa mchezo na kwa hiyo ilikosa pesa za michezo miaka mingi, serikali ilitangaza Agosti 2023 kifurushi cha takriban pauni milioni moja: pauni 500,000 kwa shirikisho la England kwa miaka miwili, meza za sataranji kwenye bustani za umma, na ruzuku ya hadi pauni 2,000 kwa kila shule, kwa shule za maeneo yenye uhitaji. Huu wa mwisho ni mfano mzuri mno wa kuuonyesha kaunti, kwa sababu kiasi cha kila shule ni kidogo na kinaeleweka.

Mfano wa tatu ni Tamil Nadu, jimbo la India. Lilibeba Olimpiadi ya 2022 pale Mamallapuram kwa pesa za jimbo, na Gukesh wa Chennai alipotwaa ubingwa wa dunia Desemba 2024 lilimtuza rupia milioni 50. Tuzo hufurahisha, lakini nakushauri usiombe tuzo. Serikali zote hupenda kupiga picha na aliyekwisha kushinda. Wewe unaombea mtoto ambaye bado hajui farasi anavyoruka.

Hatua ya sita: simama useme uliyoandika

Katiba inalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, na fedha za umma nazo ziko chini ya kanuni hiyo. Tangazo hutoka gazetini, kwenye tovuti ya kaunti na kwa chifu. Mikutano mingi hufanyika saa za kazi, kwa hiyo pangeni zamu.

Nendeni watu sita au saba, mkiwemo wazazi wawili na wachezaji vijana wawili. Mkae mbali mbali. Kila mtu atapewa dakika mbili au tatu, na kila mmoja aseme jambo lake moja. Mfano wa maneno ya mzazi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, naitwa fulani, mkaazi wa wadi hii. Mwanangu anacheza sataranji katika maktaba kila Jumanne na Alhamisi. Wako watoto arobaini na mbao sita. Naomba kwenye ukurasa wa michezo, programu ya ukuzaji wa vipaji, iongezwe sataranji kwa shule kumi, kama ilivyo kwenye memoranda tuliyoileta leo. Asante."

Memoranda hiyo, yaani maoni yenu ya maandishi, ndiyo yenye nguvu kuliko hotuba. Iwe ukurasa mmoja, na ije na nakala mbili. Moja iache kwa karani, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mbele ya macho yako. Usikubali kuambiwa "acha tu hapo mezani, tutaiona". Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa, na miezi sita baadaye muhuri huo ndio utakaokupa haki ya kuuliza.

Bunge la kaunti lisiposikia, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha malalamishi rasmi bungeni. Itumie kwa jambo zito, kwa mfano kifungu kilichopitishwa na kisichotekelezwa mwaka mzima.

Hatua ya saba: baada ya bajeti kupita

Kuonekana kwenye bajeti bado si kulipwa. Julai nenda kwa afisa wa michezo wa kaunti umuulize maswali matatu: je, kipengele chetu kimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka? Kimepangwa robo ipi? Nani anaandaa vipimo? Kama vipimo vinaandaliwa, toa vyako, vile vya sentimita 9.5.

Pesa za kaunti hutoka kwa idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye pia huchapisha ripoti ya matumizi ya kaunti zote kila robo mwaka. Isome upande wa idara ya michezo. Ukiona idara imetumia sehemu ndogo tu ya fungu lake kufikia Machi, huo ni wakati wa kubisha kwa adabu na kwa haraka, maana pesa ambazo hazikutumika hadi 30 Juni hurudi kwenye mfuko wa kaunti.

Ukizungushwa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua fupi ukiomba nakala ya mpango wa ununuzi wa idara. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na haki hiyo iko kwenye Kifungu cha 35 cha Katiba. Usiiandike kama tishio. Maafisa wengi wa michezo wanapenda michezo, na wengine wao watafurahi kuwa na karatasi ya kumwonyesha bosi.

Mzigo ukifika, hesabu kete moja moja kabla ya kutia saini. Seti kamili ni kete 32. Andika namba kwa rangi isiyofutika kwenye kila mfuko na kila saa, fungua rejista ya vifaa, na baada ya miezi mitatu peleka ripoti ya kurasa mbili bila kuombwa: waliohudhuria, wadi zao, mashindano yaliyofanyika, vilivyoharibika. Nakala mpe kila mwakilishi ambaye watoto wa wadi yake wamo. Hii ndiyo barua ya maombi ya mwaka unaofuata.

Timu ya taifa na suala la tiketi

Olimpiadi ya sataranji hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ya 2024 ilikuwa Budapest na ya 2026 imepewa Samarkand, Uzbekistan. Kila nchi hupeleka timu mbili, ya wazi na ya wanawake, kila moja ikiwa na wachezaji watano, akiwemo wa akiba, na nahodha. Ni watu kumi na wawili. Mwenyeji huwalipia malazi na chakula. Kinachobaki juu ya nchi ni tiketi za ndege, viza, posho na kambi ya maandalizi.

Kwa hiyo shirikisho linapoiendea serikali linapaswa kusema wazi kwamba gharama kubwa ya kukaa hoteli karibu wiki mbili tayari imebebwa na mwingine. Liseme pia kwamba tarehe za Olimpiadi hujulikana mapema, hivyo hakuna sababu ya wachezaji kusubiri hadi wiki ya safari wakiwa hawajui kama wanaenda. Mchezaji anayelala kwenye benchi la uwanja wa ndege na kuketi mezani asubuhi yake anashindwa kabla ya hatua ya kwanza.

Kwa wasomaji wa Tanzania na Uganda

Tanzania Bara, mlango ni Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya 1967, ambalo chini yake vyama na klabu husajiliwa. Zanzibar ina baraza lake. Ngazi ya wilaya mtafute afisa utamaduni na michezo wa halmashauri. Mwaka wa fedha nao huanza 1 Julai na Bunge la bajeti huketi Dodoma kuanzia Aprili, hivyo mipango ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla. Maoni yaanze kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, yaandikwe kwenye muhtasari, yapande kwenye kata kupitia diwani. Uganda ilipitisha Sheria mpya ya Michezo ya Taifa mwaka 2023, na pesa za mashirikisho hupitia Baraza la Taifa la Michezo. Kote huko kanuni ya daftari, vipimo na muhuri haibadiliki.

Kama mmeshachelewa mwaka huu

Msikae. Kaunti nyingi hufanya bajeti ya ziada katikati ya mwaka, na hapo idara huhamisha pesa kutoka mahali pasipotumika. Ombi dogo, lenye kotesheni na vipimo tayari, linaweza kupenya wakati miradi mikubwa inabishaniwa. Ulizeni kwa karani wa bunge lini inatarajiwa. Wakati huo huo ombeni kisichohitaji kifungu: barua ya kuruhusiwa kutumia maktaba siku mbili kwa wiki, gari la kaunti kwa siku moja ya mashindano, afisa wa michezo aje kufungua raundi ya kwanza. Akishakaa saa moja ndani ya chumba chenye watoto arobaini waliotulia kimya juu ya mbao sita, wakipokezana nafasi, mpeni rasimu ya ombi la ADP aondoke nayo.